MMP-1: Mjue Fundi wa Kubomoa Mwenye Anaishi Ndani ya Mwili Wako

Kiluwiluwi akigeuka kuwa chura, mkia wake huenda wapi? Haudondoki kwa maji. Hakuna mtu huukata. Unapungua tu, mdogo mdogo, hadi siku moja unacheki chura amekaa hapo bila mkia na hujui ulipotelea wapi.

Hilo swali la mtoto wa darasa la nne ndilo lilifanya wanasayansi wapate kitu chenye saa hii kiko ndani yako. Kama ulijikata na kisu juzi ukikata sukuma, kinapiga kazi kwa hicho kidonda. Kama umeshinda kwa jua leo, kimeamshwa kwa ngozi yako. Na kama kuna msee unajua amewahi kuugua TB hadi mapafu yakatoboka, kilikuwa hapo pia.

Kinaitwa MMP-1. Kazi yake ni kubomoa, full stop. Ukikikosa, kidonda kinakataa kufunga. Kikiachiliwa bila kuchungwa, kinaharibu nyumba yenye kilitumwa kurekebisha. Hapa chini tumekuwekea kila kitu muhimu: kilipatikana aje, kinafanya nini, nani anakichunga, na wewe unaweza kufanya nini kisikuharibie maisha.

KWA UFUPI

- Jina: MMP-1, yaani matriksi metaloproteinesi namba 1. Jina la zamani ni kolajenesi.
- Aina: kimeng'enya, yaani protini yenye inaharakisha kazi fulani mwilini.
- Kazi: kukata kolajeni, hasa aina ya 1, 2 na 3.
- Jeni yake: iko kwa kromosomu ya 11.
- Silaha: chembe ya zinki katikati ya mdomo wake.
- Wachungaji wake: kundi la protini zinaitwa TIMP, na ziko nne.

Kwanza, kolajeni ni nini?

Umeskia hili jina kwa matangazo ya mafuta ya uso, lakini wengi hawajui ni nini hasa. Kolajeni ni protini yenye inashikilia mwili wako pamoja. Karibu asilimia 30 ya protini yote uko nayo ni kolajeni. Iko kwa ngozi, mifupa, mishipa ya damu, mapafu na kano zenye zinashika misuli kwa mfupa.

Fikiria mjengo. Seli zako ndio wapangaji. Kolajeni ndiyo vyuma na simiti. Hiyo nafasi yote nje ya seli, yenye imejaa nyuzi za kolajeni na protini zingine, inaitwa matriksi. Ukiitoa, seli zinabaki kama wapangaji bila ploti.

Uzi mmoja wa kolajeni umesukwa kama nywele, mikono mitatu ikizungukana. Kila mkono una asidi amino kama 1,000. Wamesukwa kwa ukaribu hadi vimeng'enya vya kawaida, kama vile vinasaga nyama tumboni, haviwezi kupata pa kuingilia. Ndiyo maana ngozi ya ng'ombe inageuka kiatu na kinadumu miaka.

Hapo ndipo wanasayansi walikwama kitambo. Kama kolajeni ni ngumu hivyo, mwili unaitoa aje wakati unataka kujenga upya? Lazima kulikuwa na mtu wa kubomoa. Shida ni kwamba kila wakimtafuta, hawamwoni.

Stori ya mkia: Boston, 1962

Jerome Gross alikuwa anafanya kazi Massachusetts General Hospital, mji wa Boston, Marekani. Alikuwa amesoma kolajeni miaka mingi. Pamoja na Charles Lapière, msee kutoka Ubelgiji, waliamua kufuata ule mkia wa kiluwiluwi. Mkia una kolajeni nyingi na unaisha haraka, so kama kuna kimeng'enya cha kukata kolajeni duniani, hapo hakikosi.

Watu kabla yao walikuwa wakisaga tishu na kutafuta kimeng'enya kwa ule uji. Gross na Lapière waliacha tishu ikiwa hai. Walichukua vipande vya mkia, wakaviweka juu ya jeli ya kolajeni yenye haikuwa inapitisha mwanga vizuri, wakaviacha hapo. Baada ya muda, jeli iliyozunguka vile vipande ikawa safi kama maji. Kitu kilikuwa kimetoka kwa zile seli hai na kuimaliza kolajeni.

Hiyo ndiyo ilikuwa siri. Seli haziweki hiki kimeng'enya kwa stoo. Zinakitengeneza wakati kazi imeingia na kukitoa nje moja kwa moja. Ukisaga tishu iliyokufa, hupati kitu cha maana. Matokeo yao yalichapishwa 1962.

Mwaka wa 1965, Gross na Yutaka Nagai walionyesha kitu kingine cha ajabu. Hiki kimeng'enya hakikati ovyo ovyo. Kinakata uzi wa kolajeni mahali pamoja tu, na kuacha vipande viwili: kimoja robo tatu, kingine robo.

Sawa, hao ni vyura. Binadamu je? Mwaka wa 1967, John Evanson, John Jeffrey na Stephen Krane walikipata kwa tishu iliyotoka ndani ya viungo vya wagonjwa wa baridi yabisi, ile ya kufanya vidole na magoti yavimbe. 1968 kikapatikana kwa ngozi ya binadamu. 1986 jeni yake ikasomwa yote. Baadaye ikajulikana kwamba ni familia kubwa, binadamu ana zaidi ya 20, na huyu wa kwanza akapewa namba 1.

Kinakata aje?

Hapa ndipo utamu uko, so tulia.

Mdomo wa MMP-1 ni mwembamba. Uzi wa kolajeni, na ile mikono yake mitatu, hautoshei hapo ndani. Ni kama kujaribu kukata kamba ya meli na kiwembe cha kunyolea. Mwaka wa 2004, timu ya Hideaki Nagase ilionyesha ujanja wake: MMP-1 kwanza inaufungua msuko kidogo mahali fulani, halafu inakata mkono mmoja mmoja.

Kwa hiyo iko na sehemu mbili za kazi. Moja ni ya kushika kolajeni. Ingine ndiyo mdomo wenye zinki, na ndiyo inakata. Ukizitenganisha, ile ya mdomo peke yake haiwezi kukata uzi mzima wa kolajeni. Lazima zifanye kazi pamoja, kama fundi anashika ubao na mkono huu, anapiga msumeno na ule mwingine.

Baada ya kukata, joto la mwili wako linamaliza stori. Vile vipande viwili haviwezi kushikilia msuko wao kwa digrii 37. Vinafunguka na kuwa jelatini, kitu laini kama ile supu ya miguu ikilala kwa friji. Hapo binamu za MMP-1, zinaitwa MMP-2 na MMP-9, zinakuja kusafisha.

Angalia venye imepangwa. MMP-1 inakata mara moja tu, mahali pamoja tu, na ukuta wote unaanza kulegea. Ndiyo maana haifai kuachwa itembee bila mtu wa kuichunga.

Kazi zake za halali

Usidhani ni adui. Bila huu ubomoaji, wewe hungekuwa vile uko.

*Kidonda.* Ukijikata, seli za juu ya ngozi lazima zitambae kutoka ukingoni zikutane katikati. Lakini hapo chini kuna kolajeni na zinanata nayo. Mara tu zikiigusa, zinaanza kutoa MMP-1, zinakata pale zimenata, zinasonga mbele. Mwaka wa 1997 watafiti walionyesha kwamba ukizuia MMP-1, zile seli zinakwama pale pale.

*Kuzaa.* Mfuko wa uzazi wa mama akishajifungua una uzito wa karibu kilo moja. Wiki sita baadaye, umerudi karibu gramu 60. Hiyo kolajeni yote iliyokuwa imeubeba lazima ibomolewe, na vimeng'enya vya aina hii ndivyo vinapiga hiyo kazi.

*Ukarabati wa kila siku.* Kolajeni inazeeka kama rangi ya ukuta. Ya zamani lazima itoke ndiyo mpya ipate nafasi.

Unataka ushahidi kwamba tunaihitaji? Mwaka wa 1995, wanasayansi walitengeneza panya wenye kolajeni aina ya 1 haikatiki pale mahali pa kawaida. Wale panya walivyokua, ngozi yao ilizidi kuwa nzito na ngumu. Na panya wa kike wakishazaa, mfuko wa uzazi haukurudi vizuri. Mabonge ya kolajeni yalibaki ndani.

Kufuli tatu

Sasa, mwili unachunga aje kitu hatari hivi? Kwa kufuli, na ziko tatu.

*Kufuli ya kwanza: jeni.* Kwa ngozi yenye iko fiti, jeni ya MMP-1 iko karibu kuzimwa. Inawashwa wakati kuna shida: kidonda, uvimbe, ama miale ya jua. Kemikali za uvimbe kama IL-1 na TNF zinatuma ujumbe ndani ya seli, swichi inaitwa AP-1 inashika jeni, kazi inaanza. Dawa za familia ya vitamini A na zile za steroidi zinaweza kuzima hiyo swichi.

*Kufuli ya pili: kofia.* MMP-1 ikitoka kwa seli, bado haiwezi kukata kitu. Inatoka ikiwa imevaa kipande cha ziada chenye kimefunika mdomo. Ndani ya hicho kipande kuna asidi amino moja inaitwa sisteini, na imeishika ile zinki kabisa. Hii siri ilielezwa 1990 na Harold Van Wart na Henning Birkedal-Hansen, wakaiita swichi ya sisteini. Vimeng'enya vingine, kama plasmini na MMP-3, vinakuja kuikata ile kofia. Ikitoka, zinki inabaki wazi, na mdomo uko tayari.

*Kufuli ya tatu: mabaunsa.* Hao ndio TIMP. TIMP moja inashika MMP moja, inaingia pale mdomoni, inaziba. Kwa damu kuna baunsa mwingine mkubwa, protini yenye inameza kimeng'enya chote kama mtego wa panya.

So afya yako haipimwi kwa kuwa na MMP-1 ama kukosa. Ni hesabu ya wabomoaji na mabaunsa. Mabaunsa wakizidi mahali fulani, kolajeni inarundikana na kovu linakuwa gumu. Wabomoaji wakizidi, ukuta unaanguka.

Kufuli zikivunjwa

*Jua.* Mwaka wa 1996, timu ya Gary Fisher na John Voorhees, Chuo Kikuu cha Michigan, ilionyesha kwamba miale ya jua inawasha AP-1 na MMP-1 kwa ngozi ya binadamu ndani ya masaa machache, hata miale haijafika ya kukuchoma. Kila siku unabomoa kidogo, unarekebisha kidogo, na ukarabati hautoki sawa kabisa. Miaka ikipita, unaona makunyanzi. Ngozi nyeusi iko na kinga ya melanini, na hiyo ni baraka kweli, lakini inapunguza tu, haizuii yote. Na wale mnajichubua na krimu za mtaani, mnaondoa hiyo kinga na mikono yenu wenyewe.

*Fegi.* Utafiti uliochapishwa 2001 kwa jarida la Lancet ulipima ngozi ya matako, mahali jua haliingii. Wavutaji walikuwa na ujumbe mwingi wa kutengeneza MMP-1 kuliko wale hawavuti. Yaani moshi hauhitaji kukugusa uso ndiyo ukuzeeshe. Unapitia kwa damu.

*Viungo.* Kwa baridi yabisi, tishu iliyovimba ndani ya kiungo inatoa MMP-1 na binamu yake MMP-13 kwa wingi. Gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, unaliwa. Na si ugonjwa wa wazee peke yao. Unashika hata watu wa miaka ishirini na kitu.

*TB.* Hapa ndipo nataka usome polepole, juu hii ni ya mtaa. Kenya iko kwa orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, na hii kitu inapita kwa hewa ile ile tunashiriki kwa mathree, kwa keja za mabati na kwa hosteli.

Wengi wanadhani bakteria wa TB ndiye anakula mapafu. Huyo bakteria hana kimeng'enya cha maana cha kukata kolajeni yako. Anachofanya ni kukasirisha kinga yako, na seli zako mwenyewe zinaanza kumwaga MMP-1. Mwaka wa 2011, Paul Elkington, Jon Friedland na wenzao walionyesha kwamba wagonjwa wa TB wana MMP-1 nyingi kwa mapafu. Panya wa kawaida hawana MMP-1 kama yetu, so waliwapa panya jeni ya binadamu, wakawaambukiza TB, na kolajeni ya mapafu ikaanza kuharibika.

Matokeo kwa binadamu ni shimo kwa pafu. Ndani ya hilo shimo bakteria wanajaa kwa mamilioni, na ukikohoa unawatoa hewani. So ule ubomoaji unakuumiza wewe na unawafikia wengine. Mbaya zaidi, unaweza kumaliza dawa, bakteria wameisha, na pafu lisirudi venye lilikuwa. Dawa inaua mdudu. Ukuta ulioanguka hauusimamishi. Ndiyo maana kila wiki ya kusema "hii ni homa tu, itaisha" ina bei.

Kwani si tuzime tu?

Hilo wazo lilishajaribiwa, na lilikula doo mob sana. Miaka ya 1990, kampuni kadhaa ziliamini kwamba ukizuia MMP, saratani haitapata njia ya kupenya na kusambaa. British Biotech, ya Uingereza, ilikuwa na dawa inaitwa marimastat. Ilikuwa inaenda moja kwa moja kushika ile zinki.

Shida ni kwamba familia yote iko na zinki. Dawa ilizima nzuri na mbaya pamoja. Wagonjwa walianza kuumwa na misuli na viungo, mabega yakakaza, na kwa majaribio mengi makubwa hawakuishi muda mrefu zaidi. Baadaye ikaeleweka kwamba baadhi ya MMP zinasaidia mwili kupigana na uvimbe. Ukifunga mafundi wote ndani, hata yule wa kurekebisha bomba anafungwa.

Kitu kidogo kilifanya kazi. Mwaka wa 1998 Marekani iliidhinisha doksisaiklini ya miligramu 20 kwa ugonjwa wa ufizi. Hiyo dozi ni ndogo sana kuua bakteria, lakini inatuliza vimeng'enya vya kolajeni, hasa binamu anaitwa MMP-8. Na 2021, jaribio la wagonjwa 30 wa TB huko Singapore lilichapishwa: walipewa doksisaiklini kwa siku 14 juu ya dawa za kawaida za TB, na dalili za ubomoaji wa mapafu zikapungua. Ni jaribio dogo, si ruhusa ya wewe kukimbia duka la dawa.

Maswali ya mtaani

*Nikinywa poda ya kolajeni, si nitajaza yenye imebomolewa?* Tumbo linaisaga kama protini ingine yoyote, iwe ya maharagwe ama ya omena. Haiendi ikiwa nzima hadi kwa shavu lako. Kofia, kivuli na kuacha fegi ni bei rahisi kuliko huo mkebe.

*Nina keloidi. Niongezewe MMP-1?* Keloidi ni kolajeni imezidi, ni kweli, lakini hakuna sindano ya MMP-1. Ona daktari wa ngozi kabla hujatoboa sikio ama kuchora tatuu ingine.

*Si ninunue tu doksisaiklini?* Hapana. Ni antibayotiki. Inaweza kuharibu rangi ya meno ya mtoto akiwa bado tumboni, inafanya ngozi ichomeke na jua haraka, na ukiitumia ovyo unawafunza bakteria kuizoea.

*Nakohoa wiki ya pili sasa, nifanye?* Enda upimwe. Leo. Kama pia unatoka jasho usiku, unapungua uzito ama unatema damu, usingoje hata kesho. Kupimwa na dawa za TB ni bure kwa hospitali za serikali Kenya. Matibabu ya kawaida ni miezi sita, na unayamaliza yote hata ukijiskia umekuwa fiti mwezi wa pili.

Kama kuna mtu kwa ploti yenu anakohoa kila usiku na mnamsikia kupitia ukuta, mtumie hii. Kidonda cha nje unakiona. Kile cha ndani ya pafu kinajulikana tu ukienda kupimwa.